Nani Ashike Kisepetu

Jumapili, 2 Novemba 2003

Mafundi wamemaliza. Kila chumba sasa kina rejeta yake nyeupe ukutani, kama ya gari ila ndefu, na boila ya kupasha maji ya mabomba imewekwa stoo, pale tulipokuwa tunaweka viazi. Mdogo wangu Anselmo alikuja kutoka mjini Cáceres kuiwasha kwa mkono wake. Alizungusha kile kitufe kama padri anayefungua sanduku la ekaristi. Mkewe Casilda alileta keki. Tukala tukiwa tumesimama, mikono imegusa rejeta, tukisema kweli, kweli, joto.

Mama hakuja kuangalia. Alibaki kwenye meza yake ya duara, miguu ndani ya kile kitambaa kizito kinachoshuka mpaka sakafuni, ingawa chini ya meza hamna kitu tena. Karai la shaba lililokuwa likikaa hapo na makaa yake Anselmo amelitoa uani. Amelijaza udongo, akapanda jereniamu. Eti litapendeza.

Niandike wazi, nisije kumlaumu mtu baadaye: mabomba nilikubali mwenyewe. Nyonga yangu imekufa. Kila asubuhi kulijaza karai makaa ya vijiti, kuliwasha nje mlangoni, kupepea, kungoja moshi uishe, kisha kulibeba lina moto ukumbi mzima mpaka chini ya meza — nilikuwa natua njiani na kuuma meno.

Jioni nilimuuliza Mama anaionaje. Akasema hili ni joto la hospitali.

Jumatano, 5 Novemba

Kipimo kinasema digrii ishirini na mbili. Mama ana sweta mbili na shali na anaona baridi. Nilimwonyesha kipimo. Akasema kipimo hakina magoti.

Zamani hatukuwahi kufika digrii ishirini na mbili, labda chini ya meza tu. Mbele unaungua, nyuma unaganda — ndivyo tulivyokua. Kitambaa tulikivuta mpaka kiunoni, tukafanya humo kila kitu: masomo, kushona, kumenya maharage, kugombana. Sisi wasichana miguu yetu ilitoka madoa mekundu kwa kukaa karibu na moto, tukiyaita vimbuzi. Ukimwona msichana kanisani ana vimbuzi vingi, unajua kwao makaa hayana shida na kazi hafanyi.

Kulala ndiyo ilikuwa adhabu. Vyumbani pumzi ilionekana. Mama alikuwa anapindua tenga juu ya karai, anatandaza nguo zetu za kulalia, tunavaa palepale mezani huku Baba akitazama ukuta kwa heshima, halafu tunakimbia ukumbini kama tunafukuzwa na mbwa. Kitandani kulikuwa na tofali la moto limefungwa gazeti na kitambaa. Asubuhi tofali ni baridi kama maiti, na lazima utoke.

Siyo kwamba nataka yarudi. Naandika tu.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimegundua jambo. Joto limetutawanya. Mimi nakaa jikoni na redio. Mama chumbani kwake. Televisheni inaongea peke yake sebuleni. Hata paka hajui alale wapi, anatembea rejeta hadi rejeta kama mkaguzi.

Alhamisi, 13 Novemba

Mama hakuamka. Yaani yuko macho, anaongea, lakini kutoka kitandani hataki. Anasema ataamka kukiwa na sababu.

Daktari alikuja saa za mchana. Mapafu safi, moyo wa mtu wa miaka themanini na sita, hakuna ugonjwa. Akaniambia nje mlangoni kwamba wazee wakianza kulala hivi wakati wa baridi, mara nyingi hawaamki tena. Akalisema hili kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya barabara imefungwa. Nimempenda kwa hilo.

Hospitali nayo ikapiga simu leo hiihii. Nafasi yangu ya kubadilishiwa nyonga imepatikana, katikati ya Januari. Nikiikataa, nangoja mwaka mwingine. Nikiikubali, sitaweza kuinua hata sufuria kwa miezi, sembuse Mama.

Nimesema ndiyo.

Jumapili, 16 Novemba

Kikao cha familia, sebuleni, kwa sauti ndogo. Anselmo anataka kituo cha wazee cha mjini, chenye wauguzi na bustani. Amekwenda kukiona. Anasema hakinuki.

Casilda alikuwa anafuta vumbi mezani ambalo halikuwepo. Bila kuinua kichwa akasema chumba chao cha mbele ni kitupu, jua linaingia asubuhi, aje akae kwao. Anselmo alimwangalia kama hamjui. Hata mimi. Miaka yote hii Mama hajawahi kumwita Casilda kwa jina lake. Humwita "huyo wa Anselmo". Akiwa amekasirika, "huyo". Na Casilda huja kila Jumapili, huosha vyombo, hurudi kwake.

Basi tukaingia chumbani kumwambia. Anselmo alizungukazunguka sana kabla ya kufika. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema mbele ya Casilda mwenyewe:

"Kituo siendi. Na kwenye moto wa huyo siendi kukaa. Mniache hapahapa, sitawasumbua muda mrefu."

Casilda akachukua kikombe cha supu kilichopoa, akakipeleka jikoni. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na mmoja wao sasa yupo kitandani na bado ana pembe.

Jumatatu, 17 Novemba

Mtu wa nje angedhani Mama na Casilda waligombania shamba. Hapana. Ni kisepetu.

Kila karai lina kisepetu chake — cha shaba, bapa, urefu wa mkono mpaka kiwiko — cha kufunulia moto. Makaa hukaa chini ya majivu. Mwenye nyumba ndiye anayejua lini ayafunue, upande gani, kiasi gani. Ukichimba ovyo, unachoma kwa saa moja makaa ya siku nzima, na jioni watu wanatetemeka. Kwa hiyo kisepetu kina mtu mmoja tu. Bibi yangu alimkabidhi Mama siku alipojua anakufa, siyo kabla. Mpaka siku hiyo Mama, mwanamke mwenye watoto wawili, alikuwa anaomba moto kama mgeni.

Casilda aliletwa kutambulishwa mwaka sabini na nne, Januari, baridi ya kupasua mawe. Uchumba wa siku hizo: wote mezani, Mama katikati, na sheria ni moja, mikono ya wachumba iwe juu ya meza ionekane, kwa kuwa chini ya kitambaa hakuna shahidi. Anselmo aliweka mikono yake juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Tulikunywa kahawa. Baba alitoa mzaha wake mmoja. Mambo yalikwenda vizuri.

Kisha mazungumzo yakakatika kidogo, na Casilda akainama, akainua pindo la kitambaa, akachukua kisepetu na kufunua moto.

Tena aliufunua vizuri. Nakumbuka joto lilivyopanda magotini. Lakini katika nyumba ya watu! Siku ya kwanza! Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, huyu alikuja tayari ameikata. Baba alikohoa. Mama akasogeza kiti nyuma, akatoa miguu yake kwenye meza, akakaa hivyo, miguu nje kwenye baridi, mpaka wageni walipoondoka. Kisha akasema: "Ameniona nimekufa."

Ndiyo hivyo tu. Harusi ilikuja, Baba alifariki, watawala wakabadilika, pesa zikabadilika. Mama bado miguu iko nje.

Na mimi? Kwa miaka kumi na tisa tangu nirudi nyumbani nimeliwasha karai, nimelibeba, nimemwaga majivu. Kufunua moto, hapana. Nikifika mezani mkono wa Mama upo tayari kwenye kisepetu. Mimi punda, yeye mpanda punda. Nilikuwa najiambia siku yangu itafika. Siku yangu imefika na mabomba.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimebadilisha mashuka ya Mama. Chini ya mto nimekuta kisepetu. Nimekirudisha palepale.

Alhamisi, 27 Novemba

Vijiko vitatu vya supu. Kipande cha chungwa. Hapana kingine.

Nilimpigia Anselmo simu, nikasema labda tuliwashe karai, siku moja tu, tuone kama ataamka. Akakataa kabisa. Akasema watu wanakufa kwa hewa ya vitu hivyo kila mwaka, na mimi najua.

Najua. Nilikuwepo. Jumapili moja ya utotoni, mvua, madirisha yote yamefungwa, matambara yamesokomezwa chini ya milango. Makaa yalikuwa hayajaiva vizuri. Nilikuwa nasoma, herufi zikaanza kuogelea, nikaona raha tu, usingizi mtamu. Anselmo alikuwa amelaza kichwa mezani. Baba akaanguka na kiti chake taratibu, kama mtu anayejishusha mwenyewe. Mama ndiye aliyeelewa. Hakuhangaika na komeo la dirisha, alivunja kioo kwa kisepetu. Alituburuta uani kwenye mvua mmoja mmoja, akatunusisha siki, akatupiga makofi. Baba alitapika usiku kucha, akapona. Kisepetu kimepinda kidogo ncha mpaka leo.

Siku iliyofuata aliliwasha karai kama kawaida. Kufanya nini? Kulikuwa na baridi.

Jumanne, 2 Desemba

Leo Mama aliniuliza kama bado tuna lavenda kavu ile ya kunyunyiza juu ya makaa. Nikasema ipo kabatini. Akasema vizuri, akageukia ukuta.

Amekonda. Nikimwinua kumkalisha, nyonga yangu inalia na yeye anaisikia, anasema pole, mwanangu, pole. Hilo neno zamani halikuwa mdomoni mwake. Linanitisha kuliko kutokula.

Jumamosi, 6 Desemba

Anselmo amelipia nafasi kituoni. Kuanzia baada ya mwaka mpya. Mama hajaambiwa. Mimi ndiye niliyebaki naye hapa, kwa hiyo bila shaka mimi ndiye nitakayemwambia.

Jumatatu, 8 Desemba

Sikukuu ya Bikira. Naandika jikoni, haraka haraka.

Asubuhi barafu nyembamba kwenye kila jani. Nilikuwa namkaangia makombo ya mkate kwa kitunguu saumu, kwa ajili ya harufu tu, mlango ukagongwa. Casilda. Peke yake! Amekuja na basi la kwanza. Anselmo anajua? Akasema Anselmo anajua amekwenda misa. Mkononi gunia la makaa ya vijiti, yale ya mwaloni, sijui kayapata wapi siku hizi.

Hakuniomba ruhusa, wala sikumzuia. Alikwenda uani, akapindua jereniamu na udongo wake wote chini, akalisugua karai kwa mchanga na ndimu mpaka shaba ikatoka. Majivu ya chini. Makaa. Chembe za moto juu. Nikamletea pepeo. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kwa sababu ya nyonga, nikamtazama akipepea. Moshi ulikuwa mweupe, kisha mwembamba, na hakuwa na haraka. Aliungoja uishe kabisa. Huyu mwanamke anajua moto, nikawaza, na nikamwambia.

Ndipo akasema. Hakuwa analalamika. Alisema kama mtu anayejibu saa ngapi.

"Mama yangu alifariki nina miaka kumi na miwili, wifi. Wadogo zangu watatu, baba yuko shambani. Kisepetu nikashika mimi. Ile siku kwenu moto ulikuwa unazimia, na mkono ulikwenda wenyewe. Nilipofunua tu ndipo nikakumbuka siko nyumbani."

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kueleza. Akasema alieleza, kwa Anselmo, wakiwa njiani kurudi, na Anselmo akasema Mama atasahau. Kisha mwaka ukapita, na ukapita mwingine, na jambo la namna hii, akasema, ukilieleza siku umechelewa unaonekana unaomba.

Nikaangalia juu. Dirisha la chumba cha Mama linatazama uani. Lilikuwa wazi kiasi cha kiganja. Mimi nililifunga asubuhi.

Tulilibeba karai pamoja, yeye upande mzito. Chini ya meza. Kitambaa. Dirisha la sebule nikaliacha wazi kidogo, na mlango pia, kwa ajili ya yale ninayoyajua. Boila nikaizima, ikaguna, ikanyamaza. Casilda akanyunyiza lavenda, punje chache, na harufu ikatoka kama kwamba hakuna aliyekufa.

Tukakaa. Hatukumwita.

Nikasikia kitanda. Kisha kandambili: tap, kimya, tap. Sikusimama kumsaidia, ingawa nilitaka, maana Casilda aliweka mkono juu ya wangu mezani. Mama akatokea mlangoni na shali, nywele zimesimama, mkono mmoja ukutani. Mkono wa pili ameshika kisepetu.

Akaja mpaka kitini pake. Akaketi. Akaingiza miguu ndani ya kitambaa, yote miwili, akafumba macho. Nikaona mabega yake yanashuka. Akala makombo ya mkate, sahani nzima, na pilipili nyekundu. Alimuuliza Casilda makaa ni ya mwaloni? Casilda akasema ndiyo, Mama. Akauliza kule kwao mjini chumba hicho jua linaingia upande gani. Casilda akasema mashariki. Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu anayenunua kitu ambacho hana uhakika nacho.

Moto ukaanza kushuka. Magoti yetu yote matatu yalijua. Ni wakati huo ambapo mkono wake siku zote huinama bila kufikiri, na haukuinama. Kisepetu kilikuwa mezani, kati ya sahani. Mkono wake juu yake.

Naandika kilichotokea jinsi kilivyotokea. Mimi nilikuwa upande wa kulia, karibu naye. Aliniangalia. Aliniangalia vizuri, kwa muda, mpaka kwenye nyonga. Nikanyoosha mkono kidogo mezani — sikujua kama nimenyoosha mpaka nilipouona. Akaupapasa ule mkono wangu, akausukuma taratibu unirudie. Kisha akageuza kisepetu, mpini mbele, akakipeleka ng'ambo ya meza.

"Mtoto wa miaka kumi na miwili," akasema. "Na hamkuniambia."

Kisha:

"Funua wewe, Casilda. Pembeni. Usichimbe."

Imeniuma. Nisijifiche hata hapa: imeniuma kuliko nyonga. Punda ni mimi. Majivu nimemwaga mimi. Kisha nikaelewa nilichokiona. Kisepetu hukabidhiwa kwa anayeshika nyumba utakayoishi. Mama amekubali kwenda kwa Casilda. Hatakwenda kituoni, na mimi sitamwambia lolote la kituo, na nyonga yangu itakatwa Januari na nitalala kitandani mwangu bila kumsikia mtu akisema pole. Hilo nililitaka. Nilikuwa nimelitaka kweli.

Casilda alikipokea. Akakishika kwa mikono miwili, akakitazama ile ncha iliyopinda. Hakuinama. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa hayafuti, kwa kuwa mikono imejaa.

Nikasema nakwenda kuweka kahawa.

Basi niko hapa. Kahawa inapanda. Mlango uko wazi nusu, naona mgongo wa Mama, umenyooka, na ukingo wa kitambaa. Moto huo ukiachwa hivi dakika chache zaidi utalala, na hauamki tena bila kuwashwa upya. Nimeacha kijiko cha sukari hewani. Nasikiliza kisepetu kiguse majivu — bado —